Ukitaka libpcap ikae ndani ya poll()

Msomaji ana programu ya C yenye soketi kadhaa, zote zinasubiriwa na poll() moja, yaani mwito unaosubiri deskripta nyingi kwa pamoja, na sasa anataka pakiti za mtandao zinazonaswa na libpcap, maktaba ya kunasa pakiti, ziingie kwenye mzunguko huohuo. Amechukua deskripta ya faili (namba ambayo mfumo hutumia kutambua faili au soketi iliyofunguliwa) kwa pcap_fileno(), anaita pcap_loop(), programu inaganda. Lazima igande: pcap_loop() yenye hesabu ya -1 hairudi mpaka itokee hitilafu au uivunje mwenyewe.

Fungua kwa pcap_create(), weka mipangilio, kisha pcap_activate(). Baada ya hapo ita pcap_setnonblock(p, 1, errbuf) ili kusoma kusigande, halafu pcap_get_selectable_fd(p) ikupe deskripta ya kuipa poll(). Kwenye Linux namba hii mara nyingi ni ileile ya pcap_fileno(), ndiyo maana kosa la kutumia pcap_fileno() hujificha miaka. Lakini si kila kifaa kina deskripta ya kusubiriwa. Ukipata -1, usiipeleke kwenye poll(). Deskripta hasi hurukwa kimyakimya, nawe utakesha ukitafuta pakiti zilikopotelea.

Tangu toleo la 1.9.0 kuna pcap_get_required_select_timeout(). Ikirudisha NULL, huna wasiwasi. Ikirudisha muda, poll() yako isisubiri zaidi ya huo, na muda ukiisha jaribu kusoma hata kama haikuonyesha kitu.

Kusoma ni kwa pcap_dispatch(p, -1, ...). Ikirudisha sifuri si kosa, maana yake hakuna pakiti kwa sasa. Ukiipa hesabu ya 1, pakiti nyingine zaweza kubaki kwenye bafa ya libpcap ambayo keneli (kiini cha mfumo endeshi) haijui habari zake, na poll() haitakuamsha kwa ajili yao. Na usithubutu kuisoma deskripta kwa read() wala kuifunga kwa close(). Mwenyewe ni libpcap. Funga kwa pcap_close().

Watu hulalamika kwamba pakiti zinachelewa. Linux hukusanya pakiti kwenye bloku na kuzitoa bloku ikijaa au muda wa pcap_set_timeout() ukiisha. Weka 100, yaani milisekunde, usiweke 0. Unataka kila pakiti ifike papo hapo? Tumia pcap_set_immediate_mode(p, 1) kabla ya pcap_activate(), ukijua prosesa itaamshwa mara nyingi zaidi.

POLLERR, alama ya poll() kwamba kuna hitilafu, nayo ishughulikie: ita pcap_dispatch(), ikirudisha -1 soma pcap_geterr(). Ukiangalia POLLIN, alama ya kwamba kuna cha kusoma, peke yake, siku kiolesura cha mtandao kikizimwa mzunguko utazunguka bure na prosesa itachemka.

Kwenye Windows deskripta hii haipo kabisa. Huko ni pcap_getevent() na WaitForMultipleObjects().