Kabla wazo la chuoni halijawa kampuni

Wanafunzi wanaonijia na wazo la biashara karibu wote huanza na swali lilelile: mtaji tutaupata wapi? Nami huwauliza langu kwanza. Wiki ya mitihani iliyopita, nani aliwatafuta kwa sababu ya hicho mnachotengeneza? Wengi huangaliana. Wiki ile walikuwa wameweka kazi pembeni, wanasoma, na hakuna mtu aliyepiga simu kuuliza kulikoni. Basi shida yenu ya kwanza, huwaambia, si mtaji.

Chuo ni mahali pazuri sana pa kuanzia, na ndiyo maana kinadanganya. Una maelfu ya watu wa rika moja wanaoishi karibu karibu, simu mkononi, wenye hamu ya kujaribu kila kitu kipya. Ukiwaomba wapakue programu yako watapakua, kwa kuwa mnasoma darasa moja au kwa kuwa rafiki yao amewasihi. Mwisho wa juma unahesabu watumiaji mia tatu, unawaandika kwenye slaidi, moyo unapanda. Mpaka hapo umejua kwamba una marafiki wengi, jambo jema, ila bado hujajua kama yupo mwenye shida unayoitatua. Subiri wiki sita, kisha hesabu wale waliorudi wenyewe bila kukumbushwa. Namba hiyo huwa ndogo na huuma, lakini ndiyo yako.

Hapo kuna atakayenitajia Facebook. Ni kweli ilianzia Harvard, Februari 2004, na ndani ya mwezi mmoja zaidi ya nusu ya wanafunzi wa shahada ya kwanza pale walikuwa wamejiandikisha. Kinachosahaulika ni kwamba mwezi uliofuata ilipelekwa Columbia, Stanford na Yale, ambako waanzilishi hawakuwa na wenzao wa darasa wa kuwabembeleza, na huko nako ikashika. Mimi napenda zaidi mfano wa Michael Dell, mwanzilishi wa kampuni ya kompyuta ya Dell. Mwaka 1984, akiwa mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Texas kule Austin, alikuwa akiboresha kompyuta bwenini na kuziuza, na kampuni akaianza kwa dola 1,000. Miongoni mwa wateja wake walikuwa wanasheria, madaktari na wafanyabiashara wa mji ule, watu ambao kompyuta ikiwa nzuri kazi inakwenda, na ambao wana pesa ya kuilipia. Mwanafunzi mwenzako ni mjaribishaji hodari. Kama mteja, mara nyingi mfuko wake ni mtupu kama wako.

Sasa namna ya kuuliza. Kijana mmoja alinijia na programu ya kuazimana vitabu vya kozi. Alikuwa amewauliza wenzake, "Ungeitumia?" na wote wakasema ndiyo. Nani atakataa, ukimuuliza ana kwa ana huku macho yako yanang'aa? Nikamwomba arudi kwa watu walewale na swali jingine: mara ya mwisho ulipohitaji kitabu, ulikipataje? Majibu yakaja yanafanana. "Nilimpigia dada mmoja aliyenitangulia mwaka mmoja." Ilikuchukua muda gani? "Dakika tano hivi." Kumbe mshindani wake hakuwa kampuni nyingine yoyote. Alikuwa simu ya dakika tano, ya bure, kwa mtu anayeaminika. Huyo humshindi kwa nembo nzuri.

Bahati yake ni kwamba hakuishia hapo. Katika kuzungukazunguka akafika kwa fundi wa maabara anayeazimisha vifaa, akamkuta na daftari kubwa la kurasa zilizochanika, majina yamefutwa na kuandikwa juu yake, darubini moja imeandikwa kwamba iko kwa watu wawili kwa siku moja. Fundi hakuulizwa kama angependa programu. Aliulizwa tu nini kilimkera wiki iliyopita, akazungumza mpaka kipindi kikampita. Kijana akaachana na vitabu. Akatengeneza kitu kidogo cha kuonyesha kifaa kipi kiko kwa nani na kinarudi lini. Mitihani ya vitendo ilipokaribia, ndipo simu zilipozidi, maana vifaa vyote vilitakiwa kwa wakati mmoja. Idara ya pili ikaja kuulizia, na ya tatu ikauliza bei kabla hajaipanga.

Ukishapata shida ya namna hiyo, usikimbilie kuandika msimbo wa programu. Anza kwa mkono. DoorDash, kampuni ya Marekani ya kupeleka chakula, ilianza Januari 2013 kwa ukurasa mmoja rahisi wa wavuti uliotengenezwa na wanafunzi wa Stanford, ukiwa na menyu za mikahawa ya karibu na namba ya simu. Oda ikiingia, wao wenyewe wanapanda gari kupeleka chakula. Hapakuwa na mfumo wowote wa maana nyuma yake. Ila kwa kupeleka wenyewe walijua kinachochelewesha, anayelalamika ni nani, na kama watu wataagiza tena. Jedwali la kawaida la kompyuta na ujumbe wa simu vinaweza kuendesha biashara ya wateja ishirini bila tabu. Siku mkono utakaposhindwa, utajua hasa sehemu ipi ya kuandikia programu, na utaokoa muhula mzima.

Nikae kidogo kwenye jambo ambalo wanafunzi hawapendi kulisikia. Kampuni za chuoni nilizoziona zikifa, nyingi hazikufa kwa kukosa wazo wala pesa. Ziliuawa na maelewano ya mdomo. Marafiki watatu wanakaa usiku, wanacheka, mmoja anasema "tugawane sawa kwa sawa", wote wanaafiki, wanalala. Miezi minane baadaye mmoja anapata kazi mbali, mwingine ameacha kuja kwenye vikao, wa tatu anabeba kila kitu, na theluthi mbili ya kampuni iko kwa watu wasiofanya kazi. Mwekezaji akiona hali hiyo hukunja faili lake.

Dawa yake ni ya kawaida kabisa katika biashara hii: hisa huchumwa kadiri mtu anavyofanya kazi. Utaratibu uliozoeleka ni miaka 4, na mwaka wa kwanza ni wa kungoja. Ukiondoka kabla ya mwaka kwisha huondoki na kitu. Ukiumaliza unapata robo ya hisa zako, kisha zinazobaki zinakuja mwezi baada ya mwezi. Yule aliyeondoka baada ya miezi minane, kwa utaratibu huu, angeondoka kwa amani na kampuni ingebaki salama. Kupendekeza jambo hili si kumshuku mwenzako. Linakubana wewe pia.

Karatasi yenyewe si ndefu. Upande mmoja wa ukurasa unatosha kwa kuanzia: majina yenu, kila mmoja ameleta nini na atafanya nini, asilimia za hisa na namna zinavyochumwa, msimbo, michoro na jina ni mali ya kampuni, wala si ya aliyevitengeneza, nani anaruhusiwa kusaini kwa niaba ya wote, mkikwama nani anaamua. Wekeni tarehe, sahihi, na kila mtu abaki na nakala. Mwanasheria atakuja kuiweka sawa baadaye, na vyuo vingi vyenye kitivo cha sheria vina kliniki ya msaada wa kisheria ambako wanafunzi wa mwaka wa mwisho, chini ya wakufunzi wao, watawasomea bure.

Mwandikeni pia yule aliyekuwepo siku ya kwanza halafu akatoweka. Snapchat, programu ya kutumiana picha, ilizaliwa Stanford mwaka 2011. Mwaka 2013 mwanafunzi mwenzao wa zamani aliwashtaki waanzilishi, akidai kwamba wazo la picha zinazojifuta lilikuwa lake. Kesi ilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2014, na kampuni ilipojiandaa kuuza hisa kwa umma mwaka 2017 ikabainika kwamba malipo yalikuwa dola milioni 157.5. Wewe huna fedha za kumaliza ugomvi wa namna hiyo. Ujumbe mfupi wa maandishi, "nimejitoa, sina dai lolote", aliowatumia mapema na kwa roho safi, thamani yake ni kubwa mno.

Halafu kuna chuo chenyewe. Wengi hawajawahi kusoma sera ya chuo chao kuhusu ubunifu, na mimi siwalaumu, imeandikwa kwa lugha ya kulaza watu usingizi. Isome hata hivyo. Maswali ya kutafuta humo ni haya: umetumia maabara au vifaa maalumu? Ulikuwa unalipwa kama msaidizi wa utafiti? Fedha za utafiti zilitoka kwa mfadhili mwenye masharti? Msimamizi wako alichangia kiasi cha kuhesabiwa mbunifu? Kwa kawaida kitu ulichokitengeneza chumbani, kwa kompyuta yako na kwa saa zako, ni chako. Kilichotoka kwenye mradi unaofadhiliwa huenda ni cha chuo, hata kama ulikesha nacho peke yako. Masharti hutofautiana chuo kwa chuo, kwa hiyo usiridhike na uliyoyasikia kwa mwenzako wa chuo kingine.

Na chuo kuwa na haki si mwisho wa dunia. Hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, ya mbinu ya kupanga kurasa za wavuti iliyoizaa Google ilikuwa ya Stanford, kwa sababu waanzilishi wake, Larry Page na Sergey Brin, waliifanyia kazi wakiwa wanafunzi wa uzamivu pale. Chuo kikawapa leseni ya kuitumia, nacho kikapata hisa milioni 1.8, ambazo kiliziuza kwa dola milioni 336 ilipofika mwaka 2005. Kila upande ulitoka na kitu. Kibaya ni kugundua habari hizi siku mwekezaji anapoomba hati, ilhali msimamizi wako yuko safarini na ofisi ya hataza inataka wiki kadhaa kujibu. Tena, kama kuna kitu cha kuwekewa hataza, nenda ofisi hiyo kabla hujakieleza kwenye kongamano au kukiweka mtandaoni. Katika nchi nyingi, ukishakitangaza hadharani haki ya hataza imekutoka.

Kusajili kampuni, kwa upande mwingine, naona watu wanakimbilia. Usajili una ada, una taarifa za kila mwaka, una kodi, hata kama hujauza kitu. Page na Brin walipokea hundi ya dola 100,000 kutoka kwa mwekezaji Andy Bechtolsheim mwezi Agosti 1998, imeandikwa jina la Google Inc., na kampuni ya jina hilo haikuwepo bado. Ilibidi waisajili mwezi uliofuata ndipo hundi iingie benki. Sikwambii usubiri mpaka hapo. Nasema mkataba wa kwanza au malipo ya kwanza ya maana yakinukia, hapo sajili.

Daftari la fedha lianze siku ile pesa ya kwanza inapoingia, hata ikiwa kidogo. Akaunti ya biashara na pesa yako ya matumizi visikutane. Mali bila daftari huisha bila habari, na kwa mwanafunzi huisha haraka zaidi kwa kuwa wiki ya mwisho wa muhula kila senti ina njaa yake.

Mashindano ya mawazo ya biashara? Nenda kwenye moja au mawili. Utajifunza kueleza jambo lako kwa dakika tano, na zawadi ikija pokea. Ila majaji hawatanunua bidhaa yako, na kuna vikundi vinavyomaliza mwaka vikiwa na vyeti vya kujaza ukuta na bila mteja hata mmoja. Kumvutia mwenye pesa ni kipaji tofauti na kutengeneza kitu kinachofanya kazi. Elizabeth Holmes aliacha Stanford akiwa na miaka 19, akakusanya mamia ya mamilioni ya dola kwa kipimo cha damu ambacho hakikufanya alichokitangaza, na mwaka 2022 mahakama ilimtia hatiani kwa kuwalaghai wawekezaji.

Limebaki suala la kuacha masomo, ambalo huulizwa kwa sauti ya chini baada ya wengine kuondoka. Msimamo wangu ni mkali kidogo: usiache kwa ajili ya wazo, wala kwa ajili ya ahadi ya mwekezaji. Dell aliondoka baada ya mwaka wa kwanza, mauzo yakiwa tayari yanamzidi. Ikiwa wateja wanaolipa wamekuzidi kiasi kwamba huwezi kuwahudumia na kuhudhuria vipindi, basi swali ni halali, na hata hapo omba kuahirisha badala ya kuacha. Bill Gates alipoondoka Harvard mwaka 1975 aliomba likizo ya masomo. Nenda ofisi ya usajili ukaulize kwa maandishi: nafasi yangu inashikiliwa kwa muda gani, ada niliyolipa inahesabiwaje, ufadhili wangu unabaki au unafutwa, alama nilizokwisha kupata zinadumu mpaka lini, na je, nitaruhusiwa kuingia maabara nikiwa nje. Jibu la mdomo la karani dirishani usilifanyie uamuzi, hata kama ni mkarimu. Mwombe akuandikie, au mwandikie wewe barua pepe ukirudia alivyosema, na umwombe athibitishe.