Niliyemsaidia sasa ananikwepa, nimekosea wapi?

SWALI: Shikamoo mama, pole na kazi. Kuna dada tunasali naye kanisa moja, mume wake aliondoka akamwachia watoto wawili na madeni. Nikaguswa nikaanza kumsaidia, karibu mwaka sasa, hela ya kodi mara tatu, nguo za watoto, na kuna deni alikuwa anasumbuliwa nalo sana nikamlipia lote. Hata Jumapili moja nilisimama kwenye ushuhuda nikamshukuru Mungu alivyonitumia. Sasa huyu dada amebadilika, nikipiga simu hapokei, meseji anajibu baada ya siku mbili, ibada ikiisha anatokea mlango wa pembeni. Halafu juzi nimemwona na simu mpya. Wenzangu wananiambia nimetumiwa, niachane naye, na Biblia imesema asiyefanya kazi asile. Moyo unaniuma kwa kweli. Niendelee au niache?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana, maana kuumia kwako ni kwa kweli na umetoa kwa moyo, hilo halina ubishi.

Nimeisoma barua yako mara tatu na kila nikirudia kuna sentensi moja inanishika, wewe umeipita haraka ila mimi naona shida imelala hapo hapo. Ule ushuhuda. Najua hukutaja jina, lakini kanisani watu wanajuana, mama aliyeachwa na watoto wawili na madeni ni nani mwingine? Kama alikuwemo ndani siku ile, basi alikaa pale kichwa chini wakati watu wanasema amina, na tangu siku hiyo kila akikuona anaisikia ile amina.

Nikwambie kitu cha kwangu. Niliwahi kuugua muda mrefu, nikatoka hospitali sina hata nguvu ya kusimama kwenye sinki na vyombo vimejaa. Akaja mama mmoja wa kanisani, hakuniuliza nina shida gani maana angeniuliza ningesema hamna shida, akakunja mikono ya gauni akaosha vyombo vyote huku ananipigia stori za watoto wake, akafuta meza akaondoka. Jioni nainua kikombe nakuta bahasha chini yake, haina jina. Mpaka leo tukikutana hajawahi hata kwa jicho kunikumbusha. Mwingine alinipa hela nyingi kuliko huyo, nyingi tu, ila tukiwa watu watatu lazima aulize, "ile shida yako imefikia wapi?" Huyo nikimwona mbali nilikuwa nabadilisha njia. Sikukosa shukrani mwanangu, nilichoka kuwa shida ya mtu.

Fungua Ruthu sura ya 2 uangalie Boazi, mwenye shamba, alivyomfanyia Ruthu, mjane mgeni aliyekuja kuokota masuke shambani kwake. Sheria ilishasema, Walawi 19, mwenye shamba asivune mpaka pembeni na masazo asiyaokote, ni ya maskini na mgeni. Boazi angeweza kuishia hapo. Lakini akawaambia vijana wake wachomoe masuke kwenye miganda makusudi wayaache chini, na akawakataza wasimwaibishe wala kumkemea yule binti. Ruthu akaokota mpaka jioni, akapata kama efa nzima ya shayiri, efa ni kipimo cha zamani cha nafaka, akarudi nyumbani kwa mkwewe na kitu alichokiokota kwa mikono yake mwenyewe. Yaani alisaidiwa sana na heshima yake ikabaki. Hiyo mimi ndo naita neema, na hata Paulo akiwaandikia Wakorintho habari za mchango wa kuwasaidia watakatifu, yaani waumini, wa Yerusalemu, 2 Wakorintho 8, neno analoitia ule mchango ni lile lile la neema ya Bwana wetu Yesu.

Hao wanaokusomea habari za asiyefanya kazi, waambie warudi 2 Wathesalonike 3:10 wasome taratibu. Imeandikwa asiyetaka kufanya kazi. ASIYETAKA. Mama aliyeachiwa watoto peke yake na madeni juu siyo huyo anayesemwa pale. Na simu, mwanangu, hujui kapewa na nani wala kama ndo anatafutia kazi, hilo liache kabisa.

Sasa fanya hivi. Nenda kwake, siku hiyo usibebe kitu chochote. Mwambie, "Dada nisamehe, nilisimama nikaongea jambo lako mbele za watu." Basi, usiongeze maelezo. Akilia kaa naye, akinyamaza kaa naye vile vile. Siku nyingine muombe na yeye akusaidie kitu cha kweli, akukalie na watoto masaa mawili au akusindikize mahali, maana mwaka mzima umempa yeye tu na hujampa nafasi hata moja ya kukupa wewe, na hiyo inamwelemea mtu.

Kuhusu kuendelea, endelea, ila si peke yako. Paulo alisema wazi hataki wengine wapate nafuu ninyi mpate dhiki. Kanisa la kwanza wajane waliposahaulika kwenye huduma ya kila siku walichaguliwa watu saba wa kuisimamia, Matendo 6. Ongea na mchungaji faragha, watu wanne watano wachange kimya kimya na mtu mmoja tu ndiye ampelekee, na huyo asiwe wewe.

SWALI: Mama mimi sina kazi sina hela, nikisikia mahubiri ya kutoa najisikia vibaya sana. Nitatoa nini?

JIBU: Usijisikie vibaya mwanangu, Mungu anapokea kwa kadiri ya ulicho nacho, hadai usichonacho. Tabitha wa Yafa alipofariki, wajane walisimama wanalia wanamwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa hai, hakuna aliyeonyesha hela. Wewe una muda. Kuna mgonjwa unayemjua hapo karibu ambaye watu walimtembelea wiki ya kwanza wakaacha. Nenda kesho asubuhi, umfungulie dirisha, umsomee zaburi moja, umuulize amelalaje.