Mjomba Aliyesinzia Ndiye Aliyetoka Vizuri

Jumamosi nilikuwa kwenye sendofu Sinza, safari hii mgeni mla wali, kamera nimeiacha nyumbani. Nikamwona kijana mpiga picha na kamera yake ya Canon 1100D, lenzi ni ileile ya kuvuta, 18-55, inayouzwa pamoja na kamera. Kasimama mlangoni, kaivuta lenzi mpaka mwisho, anamtafuta bibi harusi kwenye taa za zambarau. Kila akibofya anatazama kioo, anatabasamu. Wali ukanikwama. Tabasamu lile nalijua, liliwahi kunilaza njaa.

Basi wadogo zangu mnaopiga picha kwenye kumbi za giza, kwa mara nyingine:

1. Pandisheni ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. 1600, ikibidi 3200. Mnaogopa chenga, vile vidoa vya ISO kubwa, kama mimi nilivyoziogopa. Fundi mmoja aliniambia ISO ikizidi 400 picha inachafuka, nami nikaishika kama amri. Nikapewa kazi Mbagala, advansi nikala. Ukumbi giza, ISO 400, shata, yaani kasi ya kamera kufumba jicho lake, ikashuka mpaka 1/10 ya sekunde. Sikushtuka, kwa sababu lenzi ilikuwa na kizuia mtikisiko na muuzaji aliisifia sana. Kwenye kioo cha kamera kila picha ilikuwa safi. Kioo cha inchi tatu, kila mtu mzuri!

Asubuhi nikafungua kompyuta. Keki imetoka, unahesabu mpaka maua yake. Viti vimetoka. Mjomba mmoja meza ya nyuma, kasinzia mdomo wazi, katoka mpaka ndevu. Waliokuwa wakicheza, waliolishana keki, mama mzaa chema akipokea zawadi, wote moshi mtupu. Hapo ndipo nilipoelewa: kile kizuia mtikisiko kinatuliza mkono wako, hakimtulizi anayecheza. Anayecheza hutulizwa na shata, 1/125 kwenda juu. Nilikaa na zile picha siku nne, naongeza ukali mpaka nyuso zikawa kama zimechongwa kwa panga. Nilipopeleka, mama yule akazipitia kimya, akavua miwani, akavaa tena. “Mwanangu, mbona wifi yangu ana pua mbili?” Nikasema ni mtindo mpya. Mungu anisamehe. Advansi niliirudisha kwa mafungu, na mpaka leo nikipita mtaa ule nakaza mwendo.

2. Sogea. Lenzi hiyo ya 18-55 ikiwa kwenye 18 inafunguka 3.5 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), ukiivuta mpaka 55 inabaki 5.6, yaani umetupa zaidi ya nusu ya mwanga kwa uvivu wa hatua sita. Ukipata hela nunua lenzi ya 50 inayofunguka 1.8, hata iliyotumika. Mimi nilichelewa kuinunua, nikanunua begi kwanza. Begi zuri, kweli, lina mifuko kumi na mbili.

3. Kamera ikihangaika kushika fokasi, ilenge ukosi wa koti jeusi ulipokutana na shati jeupe.

4. Kioo kisikudanganye. Kuza picha, tazama macho. Fanya hivyo mapema, MC angali anatambulisha kamati. Hapo kuna muda wa kutosha, kamati zetu mnazijua.

5. Taa zikichora mistari kwenye picha, shusha shata mpaka 1/100.

Yule kijana nilimfuata. Nikamnong'oneza apandishe ISO, asogee meza kuu. Akaniangalia shati, akaniangalia sahani mkononi. “Sawa mzee,” akasema, akaivuta lenzi mpaka mwisho.