Jibu: Mchoraji anaweza kutumia vikaragosi kusema juu ya pengo la kipato?

Mkuu, umeuliza kama mchoraji anaweza kutumia vikaragosi na video kuwasema walionacho na wasionacho bila kuonekana anatukana watu. Anaweza, na aliyetangulia ni mzaliwa wa hapahapa Dar: Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, mchora katuni. Mwaka 2009, kule Kenya, alianzisha XYZ Show, vikaragosi vya mpira vya wanasiasa kwenye runinga. Sura inafinyangwa kwanza kwa udongo, inatolewa kalibu, yaani umbo la kumiminia, ndipo mpira unamiminwa humo.

Wewe huhitaji gharama hiyo. Sponji la godoro kuukuu, gundi, kipande cha kitenge na simu vinatosha kuanzia. Ila mikono, hapo usifanye haraka! Nilimtengeneza kikaragosi, mama wa Tandale, mtaa wa wasionacho, anayechota maji ya mafuriko ndani kwake kwa ndoo. Watazamaji walinyamaza pale vidole vilipoteleza kwenye mpini, kabla hajasema neno. Picha iliyofuata ilikuwa bustani ya Masaki, mtaa wa walionacho, inamwagiliwa. Sikuweka msimulizi, na wewe usiweke.

Pita pia Nafasi Art Space, kituo cha sanaa kilichopo Mikocheni, uonane na wasanii wenzako.