Jibu: Kupima pembe ya goti kwa kamera ya simu

Mkuu, umeuliza kama video ya simu inatosha kupima pembe ya goti la mkimbiaji bila maabara. Inatosha, ila achana na fremu 30 kwa sekunde. Mguu hugusa ardhi kama sekunde 0.2 tu, kwa hiyo utaambulia picha sita. Ukiweka 240 unapata karibu 48. Simu ikae kwenye stendi, usawa wa goti, ikimtazama ubavuni moja kwa moja. Ikikaa mshazari kidogo tu, pembe zote zinakudanganya. Bandika plasta ziwe alama kwenye nyonga, goti na kifundo cha mguu. Kaptula iwe ya kubana, maana kitambaa kikicheza na alama inacheza. Kisha fungua video kwenye kompyuta kwa Kinovea, programu ya kupima pembe kwenye video, ni ya bure. Goti linaloingia ndani lipigie video kwa mbele. Nguvu ya kukanyaga ndiyo usahau, hiyo inataka bamba la kupimia nguvu, linalokanyagwa.