Sponji ya sakafu ya boti: nje milimita 6, ndani usiibandike kwa gundi

Ndugu, umeuliza kama sponji ya aina moja itafaa nyuma penye usukani na ndani ya chumba cha boti yako ya fibaglasi. Nyuma weka EVA ya vitundu vilivyofungwa, ile jamii ya ndala, unene milimita 6, yenye gundi mgongoni. Ipime kwanza: zamisha kipande ndani ya maji usiku kucha, kikamue. Kikitoa maji, kiache dukani. Rangi chukua kijivu hafifu. Nyeusi saa saba mchana inachoma nyayo.

Kinachoharibu kazi ni sakafu yenyewe. Gundi haishiki kwenye vipele vya kuzuia utelezi, inagusa ncha tu, maji yanapita chini na kona zinaanza kunyanyuka. Piga msasa namba 80 hadi pawe laini, futa kwa asetoni mara mbili kwa kitambaa safi, subiri pakauke kabisa. Kata kwa kielelezo cha karatasi, acha milimita 5 kuzunguka mifuniko ya ngama (tumbo la boti maji yanapokusanyika). Bandika ukianzia katikati, kandamiza kwa rola, kisha pasiguse maji saa 24. Petroli ikimwagika ifute papo hapo, maana hulainisha sponji na gundi.

Ndani ya chumba hakuna jua, ila kuna unyevu. Huko tandika vipande vinavyotoka, bila gundi, uvinyanyue kukausha chini yake. Mbao ya sakafu iliyofunikwa muda wote huoza kimyakimya.