Flashi ya Debian inayojijibu: acha swali la diski

Ukisakinisha Debian, mfumo huria wa uendeshaji, kwenye kompyuta moja, maswali ya kisakinishi hayakusumbui: lugha, kibodi, saa, jina la mashine, nenosiri, diski. Ukifika kompyuta ya kumi unatamani flashi inayoyajua majibu. Debian inaruhusu hilo. Unayaandika kwenye faili la majibu liitwalo preseed.cfg, unalitia ndani ya ISO (faili moja lenye kisakinishi kizima, linaloandikwa kwenye flashi), na kisakinishi kinajisomea.

Flashi yangu ya kwanza ilijibu kila kitu, pamoja na mistari hii:

d-i partman/confirm boolean true
d-i partman/confirm_nooverwrite boolean true

Maana yake ni kwamba diski igawiwe upya bila kumuuliza mtu. Nikaongeza kosa la pili: menyu ya kuwashia niliipa sekunde tano, kisha isakinishe yenyewe. Siku moja nilimaliza kazi kwenye kompyuta ya mwenzangu nikaisahau flashi mle ndani. Mashine ile ilikuwa imepangwa kusoma USB kwanza. Akaizima, akaiwasha, akaenda kunywa maji. Aliporudi, kisakinishi kilikuwa kimeshagawa diski na kinanakili mfumo mpya. Kazi zake za miaka mitatu zilikuwa humo na hakuwa na nakala nyingine. Baadhi tuliziokoa, nyingi zilipotea, na mpaka leo naumia nikikumbuka alivyoketi mbele ya ile skrini bila kusema neno.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: jibu maswali yote, la diski liache. Futa mistari ya kuthibitisha, kisakinishi kitasimama na kungoja mtu asome na kukubali. Ni nusu dakika tu. Menyu nayo isiwe na muda wa kujiendea yenyewe.

Iko sababu nyingine. Wengi huandika kwenye preseed kwamba diski ni /dev/sda, jina ambalo mfumo huipa diski. Kwenye kompyuta yenye diski ya NVMe (aina mpya ya diski yenye kasi), diski ya ndani huitwa /dev/nvme0n1, na /dev/sda inaweza kuwa flashi yenyewe unayosakinishia. Jicho la mtu litaliona hilo mara moja. Faili halitaliona.

Nenosiri usiliandike wazi. Yeyote atakayeokota flashi atalisoma. Tumia passwd/user-password-crypted na uweke lile lililosimbwa kwa programu ya mkpasswd.

Kuhusu kujenga ISO, nilipoteza muda mwingi kuifungua na kuifunga upya kwa mkono. Ikawa inawaka kwenye mashine za BIOS (mfumo wa zamani wa kuwashia kompyuta) na kugoma kwenye za UEFI (mfumo mpya). Sasa naiachia programu ya xorriso ichukue ISO asili, iongeze faili langu na kuhifadhi sehemu za kuwashia kama zilivyokuwa:

xorriso -indev asili.iso -outdev yangu.iso -map preseed.cfg /preseed.cfg -boot_image any replay

Bado kisakinishi lazima kiambiwe faili liko wapi. Kwenye mstari wa menyu unaowasha keneli (kiini cha mfumo) ongeza auto=true priority=critical file=/cdrom/preseed.cfg. Hapo pana mtego: menyu ni mbili, ya isolinux kwa BIOS na ya GRUB kwa UEFI. Ukirekebisha moja tu, baadhi ya mashine zitakuuliza maswali kama kawaida nawe utadhani preseed imeharibika. Faili za menyu ulizorekebisha nazo zirudishwe ndani ya ISO kwa -map. Bila auto=true, lugha na kibodi huulizwa kabla faili halijasomwa.

Programu za kadi za Wi-Fi hazinisumbui tena. Tangu Debian 12 ya Juni 2023, ISO rasmi huja na zile zisizo huria pia, basi usihangaike kuzibeba pembeni.

Kabla ya kuandika flashi, iwashe ISO kwenye QEMU (programu inayoiga kompyuta) mara mbili, kwa BIOS na kwa UEFI, ukitumia diski tupu ya majaribio. Halafu fanya jaribio ambalo mimi sikulifanya: usakinishaji ukiisha, iwashe tena mashine na ISO ikiwa bado imechomekwa, uondoke kwa dakika kumi. Ukirudi, menyu iwe bado imesimama palepale.